Samaki Aliyekufa Maji

7 Julai

Shule imefunguliwa, umeme umefungwa. Mkuu wa shule ametuhutubia walimu kuhusu kubana matumizi, kana kwamba mabwawa ya umeme yamekauka kwa sababu ya birika letu la chai. Mgao utaendelea mpaka mvua zinyeshe, amesema, na mvua ziko mbali. Nimepewa tena kidato cha pili na mada yangu ya kila mwaka, upumuaji. Juu yake nimeongezewa matangi ya samaki, kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine anayekubali kunuka.

Matangi ni matatu, yamepangwa kwenye meza ndefu chini ya dirisha la maabara. La kwanza lina perege, wadogo na wengi. La pili lina kambare. La tatu lina kamongo mmoja mnene ambaye wanafunzi wamempa jina la Mstaafu. Hafanyi kitu siku nzima ila kupanda juu mara mojamoja, kuvuta hewa kwa sauti kama mtu anayefyonza chai ya moto, kisha kushuka kulala. Namwonea wivu.

10 Julai

Mama ametoka hospitali. Wametuazima mashine ya kumpa hewa, kisanduku chenye magurudumu kinachonguruma kando ya kitanda, na mrija unaoingia puani. Mapafu yake yamekwisha. Alikuwa mkaushaji wa samaki kwa moshi tangu sijazaliwa. Moshi huo ulitulisha, ukatuvalisha, ukatusomesha mimi na mdogo wangu, na sasa umebaki kifuani mwake.

Muuguzi aliyeileta mashine alinivuta kando, akanionyesha kitufe chenye namba. "Mbili," akasema. "Isizidi hapo hata akikulilia." Nilimwomba sababu, maana mimi ni mwalimu na siwezi kuelewa jambo bila sababu. Akanieleza kwamba mapafu ya mgonjwa kama huyu yamezoea kidogo, na mwili wake unavuta pumzi kwa sababu unahisi upungufu. Ukimjaza hewa, mwili unaona umeshiba, unaacha kuvuta. "Atalala," akasema, "na hutamwamsha."

Mdogo wangu alitakiwa awepo leo. Alipiga simu akasema, nakuja, Dada. Amekuwa akija tangu mwaka juzi. Humu ndani ataitwa Nakuja, nisipoteze wino kwa jina lake halisi.

11 Julai

Hakuna umeme mchana kutwa. Nakuja hajaja.

16 Julai

Somo la perege. Nilifunua shavu la mmoja aliyekufa, wakaona matamvua, zile nyuzi nyekundu zilizopangika kama meno ya kitana. Nikawaeleza kwamba perege hupokea maji kwa mdomo na kuyatolea mashavuni, na ni kwenye nyuzi hizo ndipo damu inapochukua hewa iliyoyeyuka majini. Hewa ya juu, hii tunayovuta sisi, haimfai. Mtoe nje, nyuzi zinagandamana, anakufa akiwa amezungukwa na hewa tele. Kuna msichana wa dawati la mbele tunayemwita Swali, kwa sababu zinazoeleweka. Akauliza kama perege anajua kwamba hewa ipo. Nikamwambia hilo halitoki kwenye mtihani.

Katikati ya kipindi umeme ukakatika, pampu zikanyamaza. Haukupita muda perege wote walikuwa juu, midomo wazi, wanahema. Darasa likafurahi, likadhani wamekuja kutusalimia. Nikawapa majagi wachote maji na kuyamimina tena kutoka juu ili yachanganyike na hewa, wakafanya hivyo kwa zamu mpaka kengele. Mimi nilikuwa nawaza kisanduku kilichonyamaza nyumbani.

Nilimkuta Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama mbele, mikono magotini, midomo ameibana anapuliza kidogo kidogo. Jirani alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi. Nikalipokea boksi. Mkono wa kulia ulipochoka nikahamia wa kushoto. Mama alipopata pumzi ya kutosha sentensi moja, sentensi yenyewe ilikuwa, "Baba amesema analeta betri." Baba ni Nakuja. Alirithi jina la marehemu baba yetu, basi Mama hajawahi kumwita vingine. Mimi niliyerithi boksi naitwa "wewe".

22 Julai

Nakuja kapiga simu. Betri ipo, ameiona kwa macho yake, kubwa, inaweza kuendesha mashine tangu asubuhi hadi jioni. Kilichobaki ni usafiri tu. Nikamuuliza usafiri wa betri au wake. Akacheka. Ana kicheko kizuri, sikatai, na Mama alikisikia kutoka kitandani akatabasamu siku nzima. Siku nzima nilipika, nilifua, nilimwogesha, na sikuona tabasamu hilo likielekea upande wangu.

23 Julai

Umeme haukukatika hata kidogo. Sikujua nimkasirikie nani.

30 Julai

Mama ameanza kuuliza kuhusu kitufe. Ni namba ngapi zilizopo pale. Nikasema tano. Yeye yuko wapi? Mbili. Akanitazama kama mtu aliyesikia anauziwa nusu kilo kwa bei ya kilo.

"Si uongeze, mwanangu?"

Nilikuwa mwanae kwa mara ya kwanza mwezi huu, na jibu langu likawa hapana. Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema moshi unadhuru, hilo analijua, lakini hewa inamdhuru nani? Nikamwongezea mto mgongoni.

6 Agosti

Somo la kambare. Kambare ana matamvua kama perege, lakini nyuma yake ana kitu kingine, kama kichaka kidogo chenye damu nyingi, ambamo huhifadhi hewa aliyoimeza juu ya maji. Ndiyo maana anaishi kwenye tope ambalo perege hawezi kukaa. Swali akauliza mbona basi perege naye asiote kichaka. Nikasema wengine huzaliwa na akiba, wengine hawana. Walidhani ninaendelea kufundisha.

Nilimsimulia Mama jioni, maana kuhusu samaki tu ndipo tunapoelewana. Akasema katika kazi yake hakuna aliyemchosha kama kambare. Perege alikuwa anafika amekwisha tulia. Kambare ungemwacha kwenye kapu jioni, asubuhi unafunua, anakutazama. "Wewe unajua wanavyovuta pumzi," akaniambia. "Mimi najua wanavyokata roho." Tukacheka wote wawili, akakohoa mpaka nikajuta.

14 Agosti

Nimekwenda kwa Mkuu kuomba ruhusa ya kukimbia nyumbani kila umeme unapokatika. Ni mtu mkavu, kichwa chake hakipandi kutoka kwenye makaratasi. Akasema, "Mwalimu, umeme ukikatika, kila mtu ana mama." Nikashukuru na kutoka.

15 Agosti

Nimeulizia. Mama yake Mkuu yupo na anapumua vizuri sana.

20 Agosti

Wakaguzi wanakuja mwezi ujao, na Mkuu hataki wakute matangi yana maiti. Ameleta betri. Si kibetri, betri, na kisanduku chake cha kubadilishia umeme, imewekwa chini ya meza ya maabara. Umeme ulipokatika leo pampu hazikutetereka. Perege wakaendelea kuogelea.

Nimerudi nyumbani kumpepea Mama. Perege wana betri, Mama ana boksi. Nimeiandika sentensi hii niitazame vizuri.

21 Agosti

Nakuja anasema betri imepata mtu wa kuisafirisha.

22 Agosti

Yule mtu amefiwa.

29 Agosti

Jana umeme ulikatika asubuhi na mpaka leo mchana ulikuwa haujarudi. Midomo ya Mama ilikuwa imegeuka rangi. Sikwenda kazini wala sikuomba ruhusa. Nilikuwa nimeketi nyuma yake kitandani, mgongo wake kifuani kwangu, navuta pumzi polepole ili naye afuate, kama mama anayemfundisha mtoto kupuliza mshumaa. Hakufuata, hakuwa na nafasi ya kunifuata.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mkuu wa shule mwenyewe, shati limelowa jasho, na nyuma yake mkokoteni wenye betri ya maabara. Aliusukuma mwenyewe kutoka shuleni. Hakutaka kuketi. Aliunganisha nyaya, mashine ikanguruma, akasubiri mpaka aone kifua cha Mama kinashuka na kupanda bila kupigana. Nikamuuliza, na samaki? Akasema, "Samaki watasubiri." Kisha akasema nisimwambie mtu, maana mali ya shule ni mali ya shule.

Nimekuwa nikimsema vibaya mtu huyu kwa miaka. Kumbe siku zote nilikuwa nasoma jalada tu.

2 Septemba

Samaki hawakusubiri. Perege wote wamekufa. Umeme ulikatika usiku na asubuhi tuliwakuta juu, matumbo meupe, midomo bado wazi. Kambare wazima, wamepanda juu wanameza hewa bila haraka. Mstaafu hata habari hana.

Swali alilia. Mama aliposikia aliuliza kwa nini sikuwaleta awakaushe.

11 Septemba

Somo la mwisho la mada, kamongo. Huyu ana mapafu kama sisi. Matamvua anayo, lakini madogo, hayamtoshi. Mto ukikauka hujichimbia kwenye tope, hujifunga kwenye ute wake unaokauka kama karatasi, huacha tundu moja dogo la hewa, na hulala humo mpaka mvua irudi. Darasa likamshangilia. Nikawaambia msimsifu mno, kwa maana kila kitu kina gharama yake. Mwenye mapafu hawezi kuishi kwa maji peke yake. Ni lazima apande juu, na ukimzuia asipande atakufa humo humo majini. Nililisema kwa kinywa changu, mbele ya darasa zima, nikaliandika ubaoni na kuwaambia wanakili.

12 Septemba

Mstaafu ametoroka. Tulimkuta sakafuni karibu na kabati, ana vumbi mwili mzima, anapumua, ametukasirikia. Nimemrudisha kwenye maji yake na kuweka wavu wa chuma juu ya tangi, na matofali juu ya wavu.

17 Septemba

Mama amesema neno. Nilikuwa nambadilishia shuka, na kwa miezi sasa nafanya hivyo yeye akiwa ndani yake, namviringisha upande huu kisha upande ule. Akanitazama akasema, "Baba angekuwa hapa nisingepata taabu hii."

Nilikunja shuka chafu. Nimelia jikoni, kisha nikanawa uso na kumpelekea uji.

25 Septemba

Wakaguzi kesho. Mkuu ananipitia kila baada ya kipindi kuniuliza matangi yanang'aa? Nimesugua vioo vyote peke yangu. La Mstaafu nilikuwa nimelijaza nusu kwa muda mrefu, likaonekana kama la watu wasio na maji. Nimelijaza maji safi mpaka ukingoni, nikarudisha wavu na matofali. Limependeza. Mwili wangu ulikuwa maabara, akili yangu ilikuwa nyumbani, kwa sababu Nakuja alikuwa ameahidi leo na nilitaka kufika nimshuhudie akikosa kuja.

Hakuja.

26 Septemba

Wakaguzi walifika. Tuliingia maabara pamoja, Mkuu mbele. Mstaafu alikuwa amegandamana na wavu kwa ndani, pua imebanwa kwenye tundu la chuma, amekufa. Maji yalifika mpaka kwenye wavu. Hakuwa ameachiwa nafasi ya hewa hata ya upana wa kidole.

Mkaguzi mmoja akasema pole sana, ugonjwa? Kabla sijatunga uongo, Swali, ambaye alipangwa kuwaeleza wageni habari za kamongo, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Amekufa maji." Mkaguzi akacheka, samaki gani anakufa maji. Swali akamweleza, neno kwa neno, kama alivyonakili kutoka ubaoni. Hakunitazama. Ningependa kama angenitazama.

Nilimtoa Mstaafu kwa mikono yangu. Alikuwa mzito. Aliweza kulala kiangazi kizima ndani ya tope kavu, lakini siku moja ya maji safi ilimshinda.

3 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka.

8 Oktoba

Amekuja.

Nilirudi kutoka kazini nikakuta betri sebuleni, mpya, ina utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Pembeni yake ile ya Mkuu, imechakaa, inafanya kazi tangu Agosti. Ndani kulikuwa na kile kicheko. Mama amekaa wima, amefunga kitambaa chake cha kutokea, anakula kwa mkono wake mwenyewe. Kwangu hula kwa kijiko kimoja na malalamiko mawili.

Nakuja alisimama, akanyoosha mikono, "Dada." Nikampita nikaenda jikoni. Alinifuata mpaka mlangoni akasema najua umekasirika, una haki. Nikafungua bomba la maji ili nisimsikie. Miezi yote hii nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia, moja baada ya jingine, na yalipohitajika niliona hata hayo hastahili. Nimeamua sitampa neno hata moja. Anyamaziwe aone ilivyo.

9 Oktoba

Nimemwekea chakula mezani kama mtu anayemwekea paka. Ameosha vyombo. Vibaya.

10 Oktoba

Analala kwenye kiti kando ya kitanda cha Mama. Asubuhi nilipokuwa navaa viatu aliniuliza taratibu, "Dada, kuna kitu chochote napaswa kujua kuhusu mgonjwa? Dawa, mashine, chochote." Nikafunga kamba za viatu. Nikachukua mkoba. Nilimwona kwenye kioo cha mlango, amesimama na mikono yake mitupu, anasubiri. Nikatoka.

Njia nzima nilijisikia mshindi.

11 Oktoba

Mama amefariki.

19 Oktoba

Watu wamekwisha ondoka. Viti vya kuazima vimerudishwa. Ninaandika kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia.

Ile siku ya tarehe kumi na moja nilikuwa kazini nusu siku. Niliporudi nilimkuta Nakuja kitini, anatabasamu, ameweka kidole midomoni. "Amelala," akanong'ona. "Tangu asubuhi. Nilimwona kalala hivi nilipokuwa mtoto tu." Na kweli Mama alikuwa amelala vizuri. Mashavu yalikuwa na rangi, mikono ya moto, uso umelegea. Sikuwa nimemwona hivyo tangu kiangazi kianze, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilichohisi ni wivu.

Nakuja alinyanyuka akaenda jikoni kunimiminia chai. Hapo ndipo nilipoisikiliza pumzi ya Mama. Ilikuja moja. Nikangoja. Nikangoja tena. Ikaja nyingine, fupi. Nikatazama kitufe. Kilikuwa tano.

Mkono wangu ulikirudisha mbili kabla kichwa hakijasema neno. Kisha nikaanza kumwita. Nilimwita Mama, nikamwita kwa jina lake la ujanani, nikamfinya sikio, nikamnyanyua mabega. Alikuwa mzito. Nakuja alirudi na kikombe, akaniona, kikombe kikaanguka. Nikampigia muuguzi simu. Alipofika pumzi zilikuwa zinakuja mbalimbali, na kabla jua halijazama hazikuja tena. Betri zote mbili zilikuwa zimejaa.

Muuguzi alitazama kitufe. Akaniuliza, "Haikupandishwa?"

Nikasema, "Si unaiona mwenyewe."

Akanishika bega, akasema nilimtunza vizuri, wengi hawawezi, huwa wanawahurumia wagonjwa wao na kuwaongezea.

Usiku wa mazishi Nakuja aliketi karibu nami, akanieleza bila mimi kumuuliza. Mama alimwambia, "Dada yako ananibania hewa." Alimwonyesha kitufe kwa kidole. Yeye akaona namba zimebaki tele, mtu anahangaika, na mashine ipo pale pale. Akapandisha mpaka mwisho. Mama akavuta pumzi, akasema, "Asante, Baba," akamshika mkono mpaka usingizi ulipomchukua.

"Angalau nilimpa hewa ya kutosha siku yake ya mwisho," akaniambia. "Mwaka mzima sikumpa kitu, Dada. Hiyo nilimpa."

Nilikuwa na kisu kikali kuliko vyote nilivyonoa tangu Julai, na kilikuwa na makali pande mbili. Kwa sababu angeniuliza, na wewe ulijua? Na mbona hukuniambia? Na mimi ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa nafunga viatu?

20 Oktoba

Nimewaza jambo hili kwa kila namna ninayoifahamu. Alichelewa, ndiyo. Alidanganya, ndiyo. Lakini aliuliza. Alisimama mlangoni akauliza swali lenyewe hasa, kwa maneno mepesi kuliko yote, na jibu lake lilikuwa neno moja, mbili. Mimi niliyepata kazi ya kujibu maswali ya watoto wa watu, nililibana jibu hilo kwa sababu nilitaka aumie.

Mama alisema kweli. Nilikuwa nabania. Alikosea tu kitu nilichobania.

27 Oktoba

Nimerudi darasani. Mkuu alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipa chaki. Nilimrudishia betri yake. Matangi mawili ni matupu. Swali aliweka mkono juu, nikaogopa, lakini alitaka tu kusema, pole Mwalimu.

9 Novemba

Mvua. Imeanza siku nne zilizopita na haijapumzika. Mitaro imefurika, watoto wa shule wanakuja na viatu mkononi. Mkuu anasema mgao utakwisha. Umeme unawaka tangu juzi, kila chumba, hata chumba cha Mama ambacho sijazima taa yake. Mashine imeegeshwa ukutani, wanaijia Jumatatu.

Mahali fulani kamongo wanaamka kwenye tope lao na kuanza kuogelea.

15 Novemba

Nakuja anapiga simu kila jioni. Akisema nakuja Jumamosi, Jumamosi anakuja, na mvua yote hii. Anarekebisha paa. Ameacha kucheka, na bila kile kicheko anafanana na Mama usoni, hasa akiinama. Sijui nitamwita nani sasa humu ndani, lile jina halimfai tena.

22 Novemba

Amekuja leo amelowa. Alikaa kwenye kiti kile kile, akaitazama sehemu ya ukuta ilipokuwa mashine. Nikajua swali linakuja. Limekuwa likizunguka mdomoni mwake wiki zote hizi.

"Dada, yule muuguzi alipoileta ile mashine, alikueleza lolote? Kuhusu zile namba?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilikuwa na neno mdomoni. Nilimtazama mikono, ameishikamanisha magotini, ameinama mbele, midomo ameibana.

"Hapana," nikasema. "Hakunieleza kitu."

Akashusha pumzi, ndefu, iliyomtoka kutoka tumboni. Kisha akaniomba chai, nikaenda kumtengenezea.